Bastola ya Bandia, Mkataba wa Kweli

Kwa miaka sita Marekani ilikuwa na Matt Dillon wawili kwa wakati mmoja. Wa kwanza alisikika redioni tangu 1952, katika mchezo wa Gunsmoke uliorushwa na CBS. Huyu alikuwa William Conrad, mtu wa sauti nzito iliyojaa uchovu, sauti ya mlinzi wa sheria aliyekwisha kuzika watu wengi mno hata haoni tena fahari yoyote katika bastola. Wa pili alionekana kwenye televisheni kuanzia Septemba 1955. Huyu alikuwa James Arness, mwanamume wa mita mbili, mabega mapana, mkimya. Mchezo wa redio uliendelea hadi 1961, kwa hiyo nyumba yenye vyombo vyote viwili iliweza kumsikia Dillon mmoja na kumtazama mwingine ndani ya wiki ile ile. Conrad aliitaka nafasi ya televisheni. Yeye na wenzake wa redioni, waliomcheza Chester, Daktari Adams na Kitty, walipewa majaribio ya kutimiza wajibu tu, kisha wote wakaachwa. Kuigiza walijua, maana wahusika hao waliumbwa kwa sauti zao. Tatizo la Conrad lilikuwa ufupi na unene. Kioo kilitaka mtu ambaye akisimama mlangoni mwa baa, mlango ndio unaoonekana mdogo.

Waigizaji wa michezo ya kauboi ya televisheni huzungumzwa kana kwamba walizaliwa na kofia kichwani na farasi nje ya mlango. Mashabiki hukumbuka mwendo wao, namna walivyochomoa silaha, jinsi walivyokunja uso juani. Lakini mtu akizifuatilia habari zao kwa makini huona jambo jingine: sura ya Magharibi ya Marekani iliyosambazwa duniani na televisheni haikuchotwa kwenye historia ya Magharibi. Ilichotwa kwenye ofisi za ajira. Nani achukuliwe, acheze nani, afungwe kwa miaka mingapi, na kazi ikiisha nani abaki akiimiliki sura yake: majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyochora ile nchi ya vumbi na baa. Anayezitazama leo Gunsmoke, Bonanza au The Lone Ranger anatazama kumbukumbu za ajira za Los Angeles za miaka ya 1950 na 1960, zikiwa zimevikwa suruali za ngozi.

Biashara yenyewe ilikuwa kubwa kupita kiasi. Katika msimu wa 1958 hadi 1959, vipindi saba kati ya kumi vilivyotazamwa zaidi Marekani vilikuwa vya kauboi, na nafasi nne za juu zilishikwa na Gunsmoke, Wagon Train, Have Gun – Will Travel na The Rifleman. Kufikia mwishoni mwa 1959, mifululizo ya aina hiyo iliyorushwa jioni ilikuwa imekaribia 30. Kiu ya watazamaji peke yake haielezi wingi huo. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua studio kubwa zitenganishwe na majumba ya sinema ziliyokuwa zikiyamiliki, na katika miaka hiyo hiyo televisheni ikaanza kuwabakiza watu sebuleni. Studio zikajikuta na mitaa ya mbao iliyokwisha jengwa, ghala za mavazi, na mikanda ya zamani yenye makundi ya ng'ombe wanaokimbia. Ng'ombe waliokwisha kimbia katika filamu ya zamani waliweza kukimbizwa tena katika mfululizo mpya bila kulipwa nyasi, mradi mwigizaji mpya avalishwe nguo zinazofanana na za yule wa kwanza ili vipande viungane. Warner Bros. ilipoingia televisheni mwaka 1955 kwa ushirikiano na ABC, mfululizo wake wa kauboi, Cheyenne, ulijengwa juu ya hesabu hiyo. Kila kitu kilikuwepo tayari isipokuwa mtu wa kukaa mbele ya kamera, na huyo alipaswa kupatikana kwa bei ya chini.

Walimpata Clint Walker, jitu la mtu, ambaye miongoni mwa kazi zake za awali alikuwa mlinzi katika hoteli moja ya Las Vegas. Cheyenne ilimfanya ajulikane nchi nzima, lakini mkataba uliandikwa alipokuwa hajulikani. Akialikwa kwenye maonyesho na sherehe nje ya kazi ya studio, nusu ya malipo ilikwenda kwa studio. Mwaka 1958 alitoka kazini akidai masharti bora. Studio haikuhangaika sana. Ilimleta kijana mwingine, Ty Hardin, ikampa jina la Bronco Layne, ikamtembeza chini ya bango lile lile la Cheyenne, na kazi ikaendelea. Walker alirudi mwaka 1959. Kwa mtazamaji, hayo yalikuwa mabadiliko ya hadithi, steringi mmoja amekwenda safari na mwingine kashika usukani. Nyuma ya pazia ulikuwa mgogoro wa kikazi wa aina inayojulikana na kila dereva na kila mfanyakazi wa kiwandani.

James Garner alikwenda mbali zaidi. Katika Maverick, iliyoanza 1957, alimcheza mcheza karata mjanja anayekimbia ugomvi kila anapoweza, na ucheshi wake ulikuwa njia ya kuwadhihaki makauboi wenzake wote waliokuwa wakikaza taya. Mwaka 1960 waandishi wa filamu walipogoma, Warner Bros. ilimsimamisha bila malipo kwa hoja kwamba hakuna maandiko ya kupiga picha. Garner akaenda mahakamani. Hoja ya studio haikusimama, kwani ilibainika kuwa maandiko yalikuwa yanapatikana. Studio ilikuwa ikichukua hadithi za mfululizo mmoja, inabadilisha majina na mahali, inazipeleka kwenye mwingine, na kwenye orodha ya majina inamtaja mwandishi aitwaye W. Hermanos. Mtu huyo hakuwahi kuishi. Hermanos ni Kihispania cha ndugu, na ndugu hao walikuwa akina Warner wenyewe, W ikiwa herufi ya kwanza ya jina lao. Garner alishinda, akawa huru, na miaka michache baadaye alikuwa katika The Great Escape kwenye majumba ya sinema. Maverick ilibaki na waigizaji wengine, ikanyong'onyea, ikafungwa mwaka 1962.

Linganisha hali hiyo na ya Barbara Stanwyck. The Big Valley ilipoanza kurushwa mwaka 1965 alikuwa na miaka 58, ameshakuwa staa wa sinema kwa zaidi ya miongo mitatu, na ameshateuliwa mara nne kuwania tuzo ya Oscar. Hakuwa na sababu ya kumwomba mtu yeyote nafasi. Jina lake liliandikwa mwanzoni mwa kila sehemu likiwa na heshima ya Miss mbele yake, na mhusika wake, Victoria Barkley, akawa mjane anayeendesha ranchi, anayepanda farasi na kuwaamrisha wana wazima. Mwaka 1966 alipata tuzo ya Emmy. Wanawake waliomtangulia katika michezo hiyo walifanya kazi nzuri, na Amanda Blake alimcheza Miss Kitty wa Gunsmoke kwa misimu 19 bila kuchuja. Lakini hadithi nyingi zilimpa mwanamke kazi ya kungoja dirishani. Sidhani kwamba waandishi waligundua ghafla mwaka 1965 kwamba wajane waliwahi kumiliki ng'ombe. Nadhani mtu mwenye nguvu ya kudai aliingia mlangoni, na hadithi ikampisha.

Hata miili ya waigizaji ilipangwa upya ili itumikie mahitaji ya kazi, na hapa Gunsmoke inatoa mfano ambao mtunzi wa riwaya angeogopa kuubuni. Arness alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 alijeruhiwa vibaya mguu wa kulia katika mapigano ya Anzio, Italia, na mguu huo ulimsumbua maisha yake yote. Kukaa juu ya farasi kwa muda mrefu kulimpa maumivu. Pembeni yake alikuwa Dennis Weaver katika nafasi ya Chester, msaidizi anayechechemea, mguu mmoja umekakamaa, anayepika kahawa na kubeba habari. Weaver alikuwa mwanariadha. Alipokuwa chuo kikuu huko Oklahoma alishindana katika michezo kumi ya riadha, na mwaka 1948 alishika nafasi ya sita katika mashindano ya kuchagua timu ya Marekani ya Olimpiki. Basi kwa miaka tisa watazamaji walimwona mwanariadha akichechemea nyuma ya majeruhi wa vita anayetembea wima. Kilema cha Chester kilibuniwa kwa sababu ya kiufundi kabisa: mtu mzima mwenye afya anayemfuata Marshali Dillon bila kubeba bastola angehitaji maelezo, na mguu mbovu ukawa ndio maelezo. Weaver alikifanyia kazi kilema hicho kwa ustadi, maana kuvaa buti, kupanda ngazi na kuketi bila kukunja goti, sehemu baada ya sehemu, si mchezo. Mwaka 1959 alipewa Emmy. Majeruhi halisi alikuwa na kazi ngumu zaidi, ya kuficha, na kazi ya kuficha haina tuzo.

Bonanza ilianza Septemba 1959 kwenye NBC, ikapigwa kwa rangi tangu sehemu ya kwanza. Mmiliki wa NBC wakati huo alikuwa RCA, kampuni iliyouza televisheni za rangi, kwa hiyo ziwa Tahoe na misonobari yake vilikuwa pia tangazo la bidhaa ya mwenye nyumba. Familia ya Cartwright iliyoishi humo, katika ranchi ya Ponderosa, ilikuwa ya ajabu kwa hesabu za kawaida. Lorne Greene, baba, alizaliwa 1915. Pernell Roberts na Dan Blocker, wanawe wawili wakubwa, walizaliwa 1928. Baba aliwazidi wanawe miaka 13. Greene alikuwa Mkanada, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi, aliyejulikana kwao kwa kusoma taarifa za vita redioni. Michael Landon, mwana mdogo, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eugene Orowitz. Blocker alikuwa mwalimu kutoka Texas mwenye shahada ya uzamili. Hakuna kati yao aliyeshindwa kazi, na Greene hasa alikuwa na uwezo wa kusema jambo dogo kama hakimu anayetoa hukumu. Sasa mtazame mtu wa tano katika nyumba hiyo. Victor Sen Yung, aliyemcheza Hop Sing, mpishi Mchina, naye alizaliwa 1915, mwaka mmoja na Greene. Alizaliwa San Francisco na Kiingereza chake kilikuwa cha Mmarekani mwingine yeyote. Nafasi aliyopewa ilimtaka azungumze Kiingereza kilichovunjika, akasirike kwa sababu ya chakula kilichopoa, na aonekane katika takriban robo tu ya sehemu zote. Mkanada akapewa ranchi, na mzaliwa wa California akapewa sufuria.

Hapa atasimama mtu aseme kwamba kuigiza ni kujifanya mtu usiye, na kama tutamdai kila mwigizaji cheti cha kuzaliwa, sanaa itakufa. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza. Greene hakuhitaji kuwahi kufuga ng'ombe. Chuck Connors wa The Rifleman alitoka kwenye besiboli na mpira wa kikapu vya kulipwa, na akawa baba mjane wa kuaminika kabisa. Kasoro ya mifululizo hii ni kwamba ruhusa ya kujifanya ilitolewa kwa upande mmoja. Katika Broken Arrow, iliyorushwa kuanzia 1956, kiongozi wa Waapache, Cochise, alichezwa na Michael Ansara, mzaliwa wa Syria. Alimpa Cochise heshima na utulivu, na hakuna sababu ya kumlaumu kwa kuchukua kazi aliyopewa. Lakini muulize mwigizaji wa wenyeji asilia wa Amerika wa wakati huo kama aliwahi kuitwa kucheza daktari, mwenye benki au hakimu wa mji. Kama kujifanya kungekuwa huru kwa wote, tungeona mifano ya kwenda na ya kurudi. Tunaona ya kwenda tu.

Jay Silverheels ndiye ushahidi ulio wazi kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1912 katika ardhi ya Six Nations huko Ontario, Kanada, akiwa Mmohawk, na jina lake la awali lilikuwa Harold Smith. Alikuwa bingwa wa lakrosi, mchezo wa fimbo na wavu ulioanzishwa na watu wake, na akaingia Hollywood kupitia kazi za hatari za kuanguka na kurukia farasi kwa niaba ya wengine. Kuanzia 1949 alimcheza Tonto katika The Lone Ranger, pembeni ya Clayton Moore. Aliyazungumza maneno ya Tonto, yale mafupi yasiyo na viunganishi, kama alivyoandikiwa. Kinachoshangaza ukimtazama kwa makini ni kwamba mwili wake unakataa kile ambacho mdomo umelazimishwa kusema. Anapanda farasi kwa wepesi, anasimama wima, anasikiliza kama mtu anayepima, na mara nyingi ndiye aliyeanza kuelewa hatari. Yeye mwenyewe hakuridhika. Katika miaka ya 1960 alisaidia kuanzisha Los Angeles warsha ya kuwafundisha uigizaji wenyeji asilia, ili siku studio ikidai kwamba hakuna wenye ujuzi, wawepo wa kuonyeshwa.

Weusi walikosa hata hiyo nafasi ya pembeni. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya makauboi wanne wa kweli waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alikuwa mtu mweusi. Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani mwaka 1838, alikuwa naibu marshali chini ya mahakama ya Fort Smith, Arkansas, kuanzia 1875, akafanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30 katika eneo lililokuwa na wahalifu wengi wa hatari. Ukitafuta katika Dodge City, mji wa Gunsmoke, kwenye televisheni ya 1955, humwoni mtu wa aina yake na beji kifuani. Rawhide, hadithi ya kuswaga ng'ombe ambayo kwa haki ingepaswa kuwa na weusi tangu siku ya kwanza, ilianza 1959, na ni katika msimu wake wa mwisho mwaka 1965 ndipo Raymond St. Jacques alipoingia kama mhusika wa kudumu. Mwaka 1968 The Outcasts ilimweka Otis Young sawa na Don Murray, mtumwa wa zamani na bwana wa zamani wakiwinda wahalifu pamoja huku wakichukiana. Ilikuwa kazi kali, na ilidumu msimu mmoja.

Haya hayana maana kwamba waigizaji wenyewe walikuwa vikaragosi. Walipopata nguvu, baadhi waliitumia. Mapema mwaka 1964, Greene, Blocker na Landon walikuwa wamepangiwa kutumbuiza Jackson, Mississippi, katika onyesho ambalo watazamaji wangetenganishwa kwa rangi. Watetezi wa haki za raia waliwaandikia, nao wakafuta safari. Meya wa Jackson alijibu kwa kuwahimiza watu wake waache kuitazama Bonanza. Fikiria ajabu yake: wenye nyumba ya Ponderosa, nyembamba kama ilivyokuwa, wakawa adui wa meya kwa sababu ya uamuzi ambao haukuandikwa na mwandishi wa hadithi yeyote. Pernell Roberts, ambaye naye aliunga mkono harakati hizo, alichoka na kazi yenyewe. Alilalamika hadharani kwamba ni upuuzi wanaume wazima kumwomba baba yao ruhusa ya kila kitu. Mkataba wake wa miaka sita ulipokwisha mwaka 1965 aliondoka, na wengi wakamwona mwendawazimu kuacha kipindi kilichokuwa kikiongoza nchi nzima. Mimi namwona mtu aliyesoma vizuri hali ya kazi yake. Mfululizo ungeweza kumzeesha bila kumkuza.

Pingamizi jingine husema kwamba watazamaji ndio walioamua, na studio iliwauzia walichotaka. Ushahidi hauungi mkono jambo hilo kikamilifu. Wasikilizaji wa redio walimpenda Conrad kwa miaka mitatu kabla ya televisheni, na hakuna aliyewauliza. Baadaye mambo yakageuka, ikaonekana kwamba wingi wa watazamaji hautoshi kumlinda mtu. Mwaka 1967 CBS ilitangaza kuifunga Gunsmoke, na iliokolewa kwa sababu mkuu wa kampuni, William Paley, aliamuru irudishwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 stesheni hiyo hiyo ilifunga vipindi kadhaa vilivyokuwa na watazamaji wengi, kwa sababu watazamaji hao walikuwa wazee na wa vijijini, na watangazaji wa biashara walitaka vijana wa mijini. Gunsmoke ilikatwa mwaka 1975, baada ya misimu 20 na sehemu 635. Hakukuwa na sehemu ya kuaga. Dillon hakuondoka Dodge City, hakumwoa Kitty, hakufa. Alikoma tu kurushwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linawahusu waliofanikiwa. Clint Eastwood alikuwa kijana wa nafasi ya pili katika Rawhide. Mwaka 1964, wakati wa mapumziko, alikwenda Hispania kupiga filamu na mwongozaji Mwitaliano Sergio Leone kwa dola 15,000, na filamu hiyo, A Fistful of Dollars, ikaanza kumgeuza staa wa dunia. Steve McQueen alitoka Wanted Dead or Alive akaenda sinema na hakugeuka nyuma. Je, si kweli basi kwamba bila mikataba hiyo watu hao wasingejulikana kabisa? Sehemu ya jibu ni ndiyo: televisheni ilikuwa shule, na hakuna shule nyingine iliyompa kijana kamera kila wiki kwa miaka. Lakini angalia walikofanikiwa. Eastwood alipata jina kwa kuondoka, tena kwa kwenda bara jingine, na hata umaarufu wake Afrika Mashariki ulitokana na zile filamu za Kitaliano zilizoonyeshwa kwenye majumba ya sinema na baadaye kwenye kanda za video. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na ndiyo maana wengi wanaomjua Eastwood hawamjui Arness. Waliobaki ndani ya mifululizo, wale walioibeba kwa miaka kumi na ishirini, ndio walioachiwa swali la mwisho: kazi ikishapigwa na kuhifadhiwa, inarushwa tena na tena, ni nani anayekula?

Mikataba ya chama cha waigizaji wa filamu ilitoa malipo ya marudio kwa televisheni tangu 1952, lakini kwa marudio machache tu, kisha malipo yanakoma hata kama stesheni itaendelea kurusha. Ni katika mkataba wa 1974 ndipo malipo yalipokubaliwa kuendelea bila kikomo, kwa kazi zilizofanywa kuanzia wakati huo. Bonanza ilikuwa imefungwa mwaka uliotangulia. Maverick, Cheyenne, Rawhide na The Rifleman zilikuwa zimekwisha zamani. Gunsmoke ilikuwa imebakiwa na msimu mmoja. Kizazi kilichoijenga biashara ya marudio kikawa ndicho kilichopitwa na sheria ya marudio, na vipindi hivyo vingali vinarushwa hadi leo.

Kuhusu umiliki wa sura, kesi iliyo wazi kuliko zote ni ya Clayton Moore. Mhusika wake alifunika macho kwa barakoa nyeusi, na hilo lilimpa mwajiri wazo: mtu asiyeonekana uso anaweza kubadilishwa. Katika msimu wa tatu Moore aliondolewa, barakoa ikavikwa John Hart. Haikufanya kazi. Sauti, kasi na namna ya kugeuza kichwa vilikuwa vya mtu fulani, na Moore akarudishwa mwaka 1954. Mfululizo ulipokwisha aliendelea kwa miongo miwili kwenda kwenye maonyesho na ufunguzi wa maduka akiwa amevaa nguo zile zile, akiwasalimia watoto waliokwisha kuwa wazazi. Mwaka 1979 kampuni yenye haki za mhusika, iliyokuwa ikiandaa filamu mpya na kijana mpya, ilipata amri ya mahakama ya kumzuia asionekane hadharani na barakoa. Moore, aliyekuwa anakaribia miaka 65, akavaa miwani mikubwa myeusi inayokumbatia uso, akaendelea na ziara zake. Filamu mpya ilitoka 1981, ikaanguka vibaya. Ruhusa ya barakoa alirudishiwa mwaka 1984. Silverheels alipata nyota yake kwenye njia ya mastaa ya Hollywood mwaka ule ule wa amri ya mahakama, 1979, na akafariki mwaka uliofuata. Ya Moore ilikuja 1987, na juu yake, kinyume na desturi ya kuandika jina la mtu peke yake, yaliandikwa mawili: lake, na la yule ambaye mahakama ilikuwa imemwambia si wake.